Kijana Niliyemfukuza Sebuleni

Wakesho, mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi. Wewe ulisema shikamoo, mimi nikasema marahaba, kisha ukanipita kuelekea jikoni kama mtu anavyompita mlinzi getini. Sikulaumu. Zamu yangu imeisha saa kumi na moja, wenzangu wamepanda basi kurudi kambini, nami nimebaki katika kile kichumba cha walinzi chini ya jengo, mtaa wa Pearl hapa Doha. Nilimpigia mama yako nikamwambia nitachelewa, nina barua ya kuandika. Akauliza, "Ya kazi?" Nikasema hapana.

Mambo ya safari ameshakuambia yeye, na yeye ni nesi, anajua. Vidonge vya kuongeza damu, kliniki ya Wundanyi, sweta za kutosha kwa sababu miezi hii ukungu hauondoki mlimani mpaka saa nne. Mimi hapo sina la kuongeza. Nataka kukuambia mambo mawili niliyoyafanya. La kwanza hulijui. La pili ulikuwepo.

Unajua nilikuwa polisi kabla hujazaliwa. Umeiona ile picha, nimesimama na kofia imenizidi kichwa. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza kwa nini niliacha, nami nikikujibu kwamba mshahara ulikuwa mdogo. Ulikuwa mdogo kweli, lakini siyo sababu.

Na kabla hujaacha kuzungumza nami, kila vijana walipoandamana kule nyumbani na polisi wakawapiga, ulikuwa ukinisogezea simu yako mezani. "Tazama, Baba. Hawa ndio wenzako." Nami nilipandwa na hasira, tukagombana, mama yako akazima taa ya sebuleni ili tunyamaze. Leo sikuandikii kukushinda katika ugomvi ule. Bado nasema nilichokuwa nikisema. Niliwahi kukaa katika mji uliobaki siku mbili bila askari, na walioibiwa na kupigwa hawakuwa matajiri. Matajiri walikuwa na mageti. Mama wauza mboga ndio waliokuwa wakituuliza, "Mtarudi lini?" Hilo nililiona, siwezi kulifuta ili tupatane. Lakini kuna jambo jingine nililoliona, na hilo nililifanya mimi mwenyewe, nami sikuwahi kukuwekea mezani kama wewe unavyoniwekea simu.

Nilipangiwa kituo kidogo bara, katika bonde ambalo makabila mawili yalikuwa yakigombania mashamba. Sisi Wataita hatukuwa na shamba huko, ugomvi ule haukutuhusu. Ila nilikuwa na rafiki, tuliyemaliza naye mafunzo, tukalala chumba kimoja. Jina lake Juma. Siku moja tulitumwa kwenda kuzuia watu wasivuke mto, mshale ukampata shingoni. Nilimshika mpaka akanyamaza. Waliotupa ule mshale walikuwa wa kabila fulani. Sitalitaja, maana kulitaja ndiyo dhambi ninayotaka kuiungama.

Tangu siku ile nikawa na maradhi ya majina. Mtu akija kwenye meza ya kituo, nilimuuliza jina la baba yake kwanza. Akilitaja, nilikuwa nimeshamaliza kumhukumu kabla hajaieleza shida yake. Na hakuna aliyejua, kwa sababu nilikuwa nafanya kazi vizuri. Viatu vinang'aa, kitabu cha taarifa kimeandikwa kwa mwandiko safi. Mkubwa wa kituo alinisifu.

Mchana mmoja akaja msichana. Alikuwa na sweta ya shule na mfuko wa plastiki, miaka kumi na saba hivi. Alisimama mbali kidogo na meza.

"Afande, naomba kusaidiwa."

"Jina?"

Akataja. Nikajua ni wa wapi.

"Haya. Shida gani?"

"Baba amenifukuza. Nina mimba." Alisema haraka, kama mtu anayemeza dawa. "Naomba tu mtu anisindikize nikachukue vitabu vyangu. Na azungumze naye kidogo. Akiona askari atatulia."

Wakesho, ilikuwa kazi ya saa moja. Gari lilikuwa limesimama uani. Dereva alikuwa amelala ndani, miguu nje. Na kumtuliza baba mwenye hasira ndiyo kazi ya polisi hasa, kuliko kukimbizana na wezi, mtu yeyote aliyevaa zile nguo atakuambia.

Nikamwambia, "Hapa si nyumba ya kulelea mimba. Nenda kwa watu wako. Si mna wazee?"

"Hao wazee ndio waliomwambia anifukuze."

Nikafungua ukurasa mwingine wa kitabu, nikajifanya nina kitu cha kuandika. Halafu akasema "asante, afande," akaenda. Mpaka leo sijui alikuwa anashukuru nini. Jina lake sikuliandika popote.

Siku kumi na moja baadaye nilipangwa kulinda mtuhumiwa hospitalini. Nikaenda. Ni yeye. Alikuwa amekwenda kwa mama mmoja anayetoa mimba kwa mizizi, mambo yakaharibika, jirani akatoa taarifa, akakamatwa akiwa hawezi hata kusimama. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda, na ufunguo nikakabidhiwa mimi.

Alinitambua. Hakusema neno juu ya ile siku. Homa ilikuwa kali, midomo imepasuka. Jioni aliniambia, "Afande, nataka kugeukia dirishani." Kwa vile alivyofungwa, alikuwa hawezi kugeuka, alikuwa anatazama ukuta. Nikamwambia asubiri niombe ruhusa. Nikapiga simu kituoni, mkubwa hakuwepo. Nesi akanijia juu, "Mfungue tu, jamani. Ataenda wapi huyu?" Nikamjibu, "Sina amri." Nilijiona mtu mwaminifu kwa kazi yake.

Alifariki siku ya pili kabla ya adhuhuri, uso ukutani. Hapo ndipo nilipomfungua ile pingu, na kumfungua maiti sikungoja amri ya mtu.

Nimeikalia hadithi hii zaidi ya miaka ishirini. Mama yako ndiye pekee anayeijua, na nilimwambia kabla hatujaoana ili akitaka kubadili nia abadili. Usinielewe vibaya. Imani yangu juu ya jambo lile haijabadilika. Kilichotolewa tumboni mwa yule msichana kilikuwa mtoto, na sitaanza leo kukiita jina jingine. Lakini mtoto yule alifika kituoni akiwa hai, kwa miguu ya mama yake, akasimama mbele ya meza yangu. Sisi wenye imani hii tuna maneno mengi kuhusu siku ile ya kule kwa mama wa mizizi. Kuhusu ule mchana wa siku kumi na moja kabla yake, hatuna la kusema. Mimi ndiye niliyekuwepo mchana ule. Nilitakiwa kusimama, kuvaa kofia na kumwamsha dereva.

Baada ya miezi mitatu niliandika barua ya kuacha kazi.

Ungetarajia kwamba nilijifunza. Mimi mwenyewe nilijisadiki. Tulipohamia huku, au tuseme nilipowafuata wewe na mama yako, maana aliyepata kazi ya maana ni yeye, nilianza kama mlinzi wa kawaida. Siku ya kwanza kazini tulipangwa mstari, mtu akapita na karatasi. Hakuuliza nani ana uzoefu. Waafrika geti la nje, juani. Wengine ndani penye kiyoyozi. Nilisimama juani miaka miwili, mwezi wa saba na wa nane, nikipangwa kwa rangi na pasi ya kusafiria kama mizigo. Nikarudi nyumbani, mtaani Mansoura, nikimwambia mama yako, "Hawa watu hawaoni mtu." Kanisani nikafanywa mwalimu wa vijana. Umekaa kwenye darasa langu. Ulinisikia kwa masikio yako nikisema mimba si kosa la mtoto, na kwamba nyumba ya Mkristo isifunge mlango.

Halafu ukaja wewe, miezi miwili iliyopita, na mama yako amekushika mkono. Alikuwa ameshajua, huwezi kumficha nesi. Nikasikia. Nilinyamaza, na nadhani wewe ulidhani nimeudhika juu ya mimba. Ukweli ni kwamba juu ya mimba nilisikitika tu, kama baba yeyote. Kilichoniwasha ni pale uliposema, "Anil anataka kuja kuzungumza nawe."

Anil nilikuwa namjua kwa sura. Mhindi, fundi wa simu katika duka moja mtaa wa Najma, tena aliwahi kunibadilishia kioo. Nilikuwa nimemwona pia kule kwenye makanisa, ambako kila taifa lina saa yake, watu wake wanatoka wakati sisi wa ibada ya Kiswahili tunaingia. Miaka yote tumekuwa tukipishana mlangoni, tukikalia viti vyenye joto la watu wengine, wala hatusalimiani. Ninyi wawili mlisalimiana. Sasa naona ajabu ni sisi wengine.

Alikuja Ijumaa, siku ambayo makanisa ya huku husali, baada ya ibada, shati limepigwa pasi mpaka mikono imesimama, na kasha la peremende za kwao. Sikumkaribisha kiti. Unakumbuka neno la kwanza nililomwambia.

"Bataka."

Kila mgeni Doha analijua neno hilo na sauti yake. Kitambulisho, toa. Hata yeye alidhani hakusikia vizuri. Kisha akatoa pochi, akanipa, sebuleni kwangu, mbele ya mama yako aliyeshika sinia ya chai. Nikaisoma mbele na nyuma. Jina la baba. Taifa. Nikaiweka mezani, sikumrudishia mkononi. Ukasema "Baba!" nami nikakunyooshea kidole unyamaze.

Alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Nimekuja kuomba kumwoa. Nimeuliza ubalozini kwetu, karatasi zitachukua wiki chache. Tukianza sasa, tutawahi kabla tumbo halijaonekana."

Nikamwambia, "Watu wenu wamekaa kwetu tangu enzi za reli. Maduka mmefungua, binti zenu mmewafungia. Leo mmekuja kwa wetu."

"Mimi sijawahi kufika Kenya, bwana," akasema.

Hakuwa ananidharau. Alikuwa ananiambia ukweli ulivyo. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikatafuta pengine pa kumpiga.

"Mama yako anajua kwamba huyu ni Mwafrika?"

Akainamisha kichwa. "Anajua. Amelia siku tatu." Halafu akaniangalia. "Ataacha kulia."

Niliposikia amelia nilifurahi, Wakesho. Nisamehe, lakini nilifurahi. Nilipata nilichokuwa nakitafuta. Nikasema, "Unaona!" na ndipo nikamwambia kwamba nikimwona tena mtaani kwetu nitakwenda polisi, na sheria ya nchi hii inayowafunga wanaopata mimba bila ndoa anaijua. Nikasema hivyo nikijua wazi kwamba sheria hiyo haingeanza kwake. Ingeanza kwako, kwa sababu wewe ndiye unayebeba ushahidi. Nilikuwekea kisu wewe ili kumtisha yeye. Na yeye alilielewa hilo kabla yangu, nikaona uso wake ulivyobadilika. Akaichukua bataka yake mezani, akamwambia mama yako asante kwa chai ambayo hakuinywa, akatoka.

Mtu aliyekuja kuomba ndoa, Wakesho. Mimi ninayewaambia vijana kila Ijumaa kwamba ndoa ni heshima, nilitiliwa ndoa mkononi nikaitupa, kwa sababu ya rangi ya mkono uliokuwa unanipa. Nikisikia watu wakisema mabaya ya dunia yameletwa na wasioamini, siku hizi hunyamaza.

Wiki ile ilipokwisha ulikwenda dukani Najma, ukarudi. Ulisimama mlangoni bado na viatu. Ameacha kazi, amerudi kwao, nambari yake ya huku imezimwa. Ulichoniambia kilikuwa maneno mawili.

"Umefanikiwa, afande."

Hujaniita baba tangu siku hiyo. Wiki tano. Unaniamkia kwa sababu umelelewa vizuri, na aliyekulea vizuri ni mama yako.

Sasa unakwenda kwa shangazi yako Mghoi, nami nataka ujue unakwenda katika nyumba ya namna gani, kwa sababu yeye hatakuambia. Mghoi alipata mimba akiwa na miaka kumi na minane, na aliyempa alikana. Babu yako alikuwa mkali kuliko mimi. Alikuwa akituchapa kwa kuchelewa sala ya jioni. Alipoambiwa, sote tulikaa jikoni tukingoja. Hakusema ni sawa, na mpaka anakufa hakuwahi kusema ni sawa. Alitoka nje, akachukua jembe, akaanza kusawazisha kiwanja kando ya jiko. Nikamfuata, nikamuuliza, "Baba, unajenga nini?" Akanijibu, "Mtoto atalala wapi?" Akaendelea kuchimba. Majirani walipokuja kumpa pole aliwapa kazi ya kukanda udongo.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, nilishika koleo, niliona yote hayo kwa macho yangu. Na bado nilikuja kuwa yule wa kwenye meza. Kwa hiyo usidhani kuonyeshwa jambo jema kunatosha. Mimi nilionyeshwa.

Chumba kile ndicho Mghoi amekitengeneza kwa ajili yako. Amekipaka chokaa. Mama yako ameomba likizo kwa mwezi utakaojifungua, na ameipata. Mimi nimeomba yangu, sijajibiwa. Nikijibiwa nitakuja ukinitaka. Ukisema nisije, nitabaki huku, na sitamtuma mama yako akubembeleze.

Watu watakuuliza mtoto ni wa nani, ni wa wapi, mbona nywele hivi. Wengine watauliza kwa upendo na wengine kwa namna yangu. Sijui utawajibu nini. Mimi nilishindwa kumjibu vema hata mtu mzima aliyesimama mbele yangu na kitambulisho halali.

Jambo la mwisho. Wiki iliyopita nilikwenda Najma, kwenye lile duka. Yuko mzee mmoja aliyekuwa akifanya kazi na Anil meza moja. Nikamwambia nahitaji nambari ya kwao. Akaendelea na kazi yake, akauliza bila kuinua kichwa, "Wewe ndiye polisi?" Nikasema nilikuwa. Alinifanya nisimame mpaka akamaliza simu tatu za wateja. Sikuudhika. Kisha akaniandikia.

Nilipiga juzi mchana, wakati wa mapumziko. Akapokea yeye mwenyewe. Nikajitambulisha, "Mimi ni baba yake Wakesho." Nikasikia chombo kinaoshwa na mwanamke anazungumza nyuma yake. Nikamwambia nilimkosea, nikamwambia ndani ya nyumba yangu nilimfanyia mambo ambayo hata getini hayafanywi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa pia aniambie yameisha. Hakusema lolote kati ya hayo. Hakunisamehe, Wakesho, na sikutaka kumbana. Aliniuliza jambo moja tu.

"Anakula?"

Nilisimama pale na simu sikioni, mkuu wa walinzi kumi na wanne, mtu ambaye kazi yake ni kutazama, na sikuweza kumwambia, kwa sababu wiki tano sahani yako unaipeleka chumbani na unafunga mlango. Nikamwambia nitakuuliza, nimletee jibu.

Nambari yake nimeikunja ndani ya karatasi hii. Ni yako, sitaipiga tena bila wewe kuniambia. Lakini nilimwahidi kukuuliza, basi nakuuliza, hata kama utamjibu yeye na usinijibu mimi.

Wakesho, unakula?

Baba yako